Mazoezi ya kuanzia kwa sisi mabonge tunaosubiri upasuaji wa kupunguza uzito, hasa tulio Mwanza

MamaNyakato (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni wa mabonge. Wembamba karibuni mkae, ila kejeli muziache mlangoni.

Nimepangiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Tarehe bado. Daktari anataka kwanza presha itulie, moyo upimwe, damu ipimwe, na nianze mazoezi. Alipofika hapo kwenye mazoezi akaandika neno moja tu kwenye karatasi, "atembee", akaita mgonjwa mwingine. Nitembee vipi, muda gani, na goti hili? Nimejua mbele ya safari, baada ya kukaa na mtaalamu wa mazoezi tiba na kuuliza waliotangulia. Sasa nina utaratibu ambao mwili umeukubali, nauweka hapa kwa sababu video zote za mitandaoni ni za mabinti wa kilo hamsini wanaruka kamba.

Tuelewane kwanza: mazoezi haya si ya kupungua. Ukiyafanya huku unachungulia mzani utayaacha wiki ya pili. Ukishapigwa nusu kaputi na kutolewa chumba cha upasuaji, wauguzi watakuja siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi wakwambie "mama, inuka tutembee". Hawakuonei. Mtu aliyelala bila kusogea damu inaweza kuganda miguuni, na donge likisafiri hadi kwenye mapafu ni kifo kinapiga hodi. Na ukivuta pumzi za juujuu kwa kuogopa kidonda, makohozi yanatuama na homa ya mapafu inaingia. Sisi wanene tuko kwenye hatari zaidi ya yote mawili. Basi ninachofanyia tizi ni kitu kidogo sana: niinuke kitandani mwenyewe na nitembee hadi mwisho wa wodi. Nikiweza hilo nimefaulu, hata kama mzani haujasogea.

Naanza na kiti. Chukua kiti cha mbao, miguu imara, kisukume hadi mgongo wake uguse ukuta. Vile vya plastiki achana navyo. Kwenye sakafu iliyosuguliwa ikang'aa miguu inatanuka unajikuta chini, na sisi tukianguka si wa kunyanyuliwa na mtu mmoja. Kiti kikiwa kifupi weka mto mgumu juu yake, maana ukikaa juu goti halipati tabu. Kaa karibu na ukingo. Vuta miguu nyuma kidogo, nyayo zote zikanyage, zitengane upana wa mabega. Inamisha kifua mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, halafu inuka huku unatoa pumzi. Mikono ikisukuma mapaja ni ruksa. Kazi yenyewe iko kwenye kurudi: shuka taratibu, moja, mbili, tatu, usijitupe. Mara tano. Pumzika hadi pumzi irudi. Mara tano tena. Imetosha kwa siku hiyo.

Ukiwa umekaa hapohapo piga mchakamchaka wa kukaa, goti moja juu, lishushe, jingine juu. Kisha nyayo: inua vidole, shusha, inua visigino, shusha, kama unaendesha cherehani ya miguu. Hili la nyayo linaonekana la kitoto lakini ndilo utakalolifanya kitandani hospitali kila saa, kwa sababu misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu ya miguuni irudi juu.

Halafu ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, kunja viwiko ulete kifua ukutani, sukuma urudi. Pushapu za wajawazito, ndiyo, na mabega utayahisi kesho.

Kutembea nilianzia uani, getini hadi kwenye bomba. Baadaye hadi dukani kwa Mangi na kurudi. Dakika tano asubuhi na tano jioni kwa anayeanza zinaingia kirahisi kuliko kumi kwa mkupuo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, ila wenyewe wamesema kidogo ni bora kuliko kukaa tu. Mimi nimeshikilia hapo kwenye kidogo, naongeza dakika moja moja mwili unaporuhusu. Kasi naipima kwa mdomo: niweze kuongea na ninayetembea naye sentensi nzima, lakini nikijaribu kuimba pambio pumzi ikatike. Nikishindwa hata kuongea, napunguza.

Na jambo ambalo hakuna daktari anayelisema: mapaja. Yanasuguana, yanachubuka, siku ya tatu hutembei tena. Vaa taiti ndefu inayoshuka hadi karibu na goti, au paka mafuta ya mgando kwa wingi kabla ya kutoka. Juu yake dera lako, hakuna atakayejua.

Maumivu ya misuli kesho yake ni kawaida. Kifua kubana, kizunguzungu, moyo kwenda mbio usiotulia hata ukikaa, au mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu lake: acha papo hapo, nenda hospitali. Hapo hakuna cha "nitamalizia hii raundi".

Wenye uzoefu shusheni.

Napita Tu

Nachukua kiti. Cha mbao.

Sangara Mbishi

Yaani mtu ameshindwa kufunga mdomo anaenda kukatwa tumbo. Bibi zetu Usukumani walilima pamba kutwa, nani alikuwa na hayo mambo? Nendeni Capri Point saa kumi na moja alfajiri mkimbie, mwezi mmoja mnakuwa vijiti. Mnatafuta njia ya mkato.

Kilo Zimenikimbia

Sangara, mimi nimeshafanyiwa. Nikuulize, umewahi kubeba mfuko wa saruji wa kilo hamsini ukapanda nao ngazi za hospitali ya Bugando? Sisi tunaamka nao, tunalala nao. Usituambie tukimbie.

Na njia ya mkato haipo. Ukipungua kwa kujinyima, mwili unajitetea: njaa inaongezeka na matumizi ya nguvu yanashuka, ndiyo maana watu wanapungua kilo kumi wanarudisha kumi na tano. Kwenye upasuaji wa kukata wanaondoa kama asilimia 80 ya mfuko wa chakula, unabaki mrija mwembamba, na ile sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, inaitwa ghrelini. Kwa hiyo si kwamba tumbo limekuwa dogo tu, na kelele za njaa zinapungua. Lakini kula vizuri na kutembea ni mpaka kaburini. Asiyeweza kutembea kabla hatatembea baada.

Mama Nyakato, hilo la kuinuka kitandani umeligusa nusu. Ngoja nilimalizie, maana hapo ndipo nilipoona faida. Ukiwa na matundu ya upasuaji tumboni huwezi kuinuka kwa kukaza tumbo kama ulivyozoea. Unageuka ubavu kwanza, magoti yamekunjwa, mwili wote kwa pamoja bila kujipinda kiuno. Unashusha miguu pembeni ya kitanda, na wakati huohuo mkono wa juu unasukuma godoro na kiwiko cha chini kinakuinua. Unakaa. Unatulia kwanza, kizunguzungu kipite. Ndiyo unasimama. Fanya hivyo nyumbani kila asubuhi kuanzia leo. Na kikohozi: kumbatia mto tumboni, ubane, ndipo ukohoe. Wenzangu wodini walifundishwa wakiwa na maumivu, mimi nilikuja na ujuzi wangu mkononi.

MamaNyakato

Kilo Zimenikimbia, asante sana kaka. Hilo la mto nalianza leo usiku, mume wangu atafikiri nimepandwa na kitu.

Sangara Mbishi, bibi yangu naye alilima pamba, Magu hukohuko, na alikuwa bonge. Karibu maji ya kunywa.

Jiwe Kubwa

Mimi naishi Bugarika, juu kabisa ya mawe. Mwanza mnaifahamu: tambarare ni ya wenye hela, sisi wengine tunaishi na mijusi. Nikitoka tu mlangoni ni ngazi za mawe, kila jiwe na urefu wake. Kilo 146. Kushuka naenda vizuri, kupanda nasimama mara nne tano. Hiyo ni mazoezi au najiua? Na goti la kulia linalia.

FizioWaZiwa

Wakuu habari. Ni mtaalamu wa fiziotherapia, nafanya kazi kanda hii ya ziwa, nitajibu kwa ujumla tu. Mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kuganda damu apate ruhusa ya daktari wake kabla ya kufuata chochote humu.

Jiwe Kubwa, kupanda mlima kunachosha moyo na mapafu, lakini goti linaumizwa zaidi na kushuka, kwa sababu misuli ya paja inakuwa inafunga breki kwa kila hatua. Wewe unasema kushuka unaenda vizuri. Una maana huhemi. Goti linakwambia tofauti. Shuka ukikanyaga kwanza na mguu mbovu, panda ukitanguliza mzima. Tumia fimbo, ishike mkono wa upande wa pili wa goti linalouma. Goti la kulia, fimbo mkono wa kushoto. Watu wengi wanakosea hapo. Kusimama njiani si aibu, simama kabla hujakatika.

Halafu usiuchukulie mlima wa nyumbani kuwa ndiyo zoezi. Huo ni usafiri. Zoezi lifanyie chini, ukishashuka kwa shughuli zako: uwanja wa Furahisha pale Kirumba ni tambarare, au ndani ya Rock City Mall sakafu ni laini na kuna kivuli. Tembea hapo dakika zako, pumzika, ndipo upande kurudi taratibu. Kiti kifanyie nyumbani, maana misuli ya paja ikikaa sawa goti linapata mtu wa kulisaidia.

Jambo la kukutia moyo: utafiti kwa watu wazima wanene wenye magoti yaliyolika ulionyesha kila kilo moja inayotoka inapunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Kwa hiyo hata kile kidogo kitakachotoka kabla ya upasuaji goti litakisikia.

Niongeze mawili kwa mwanzisha uzi. La kwanza, pumzi. Kaa wima, vuta hewa kwa pua taratibu mpaka mbavu za chini zitanuke, shikilia sekunde tatu, toa kwa mdomo uliobanwa. Mara tano hadi kumi, asubuhi, mchana, jioni. Na wavutaji sigara waache mapema, wiki sita kabla au zaidi, madaktari wengine hawamgusi anayevuta. La pili, unapofanya zoezi lolote usibane pumzi. Kubana kunapandisha presha ghafla. Hesabu kwa sauti, ukihesabu huwezi kubana.

Binti Igoma

Da Nyakato naomba kuuliza. Nimesikia mazoezi ya kwenye maji yanafaa sana kwa wanene kwa sababu maji yanakubeba. Ziwa si lipo? Kuna sehemu huku Igombe maji ni kimo cha kifua, mchanga safi, bure kabisa.

FizioWaZiwa

Binti Igoma, nusu ya kwanza ni kweli kabisa. Ukisimama kwenye maji ya kifuani, miguu inabeba kama robo hadi theluthi ya uzito wako. Mtu wa kilo 120 anatembea kama wa kilo 40. Goti linashangilia.

Nusu ya pili, hapana. Ziwa Victoria lina kichocho, hasa kile cha utumbo. Konokono wanakaa kwenye maji ya kina kifupi, penye majani na palipotulia, yaani hapohapo unapotaka kufanyia zoezi, na vijidudu wanavyotoa vinapenya ngozi yenyewe, hata hujanywa tone. Ndiyo maana watafiti wa NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapa Mwanza wamekihangaikia miaka na miaka. Kichocho cha utumbo kinaishia kuumiza ini, na ini ndilo daktari wako wa upasuaji analolitaka likiwa zima. Sijataja mamba. Kama umekuwa ukioga ziwani, mwambie daktari akupime. Dawa yake ni prazikwanteli na ni rahisi, ila ijulikane kabla.

Bwawa la kuogelea la hoteli ndilo jibu, kama mfuko unaruhusu. Nenda katikati ya wiki asubuhi, hakuna watu.

Binti Igoma

Duh. Asante mkuu. Nimeoga ziwani tangu mtoto, nitaenda kupima.

Ila bwawa la hoteli na huu mwili... watu wataangalia.

MamaNyakato

Wataangalia dakika ya kwanza, mdogo wangu, halafu watarudi kwenye simu zao. Vaa taiti nyeusi na fulana kubwa, ingia kwa ngazi siyo kwa kuruka, ukishazama hadi kifuani hakuna anayekujua. Mimi hutembea tu upande mfupi wa bwawa, kwenda na kurudi, nikishika ukingo. Kuogelea sijui na sijifunzi kwa sasa.

Ulizia kwanza kina. Mabwawa mengine yanaanza kina kifupi halafu ghafla sakafu haipo.

Sangara Mbishi

Mimi rafiki yangu alienda gym moja hapa mjini, kocha akampigisha kichura na pushapu siku ya kwanza. Alitapika lakini alikomaa. Mazoezi bila jasho ni maigizo.

Kilo Zimenikimbia

Na siku ya pili alirudi?

Sangara Mbishi

Hakurudi. Ila hiyo ni uvivu wake.

Jiwe Kubwa

😂😂😂 Sangara umejijibu mwenyewe.

FizioWaZiwa

Kichura kwa mtu wa kilo 130 ni kumtafutia kazi daktari wa mifupa. Kuruka kunazidisha mzigo mara kadhaa kwenye goti na kwenye kifundo cha mguu. Kocha anayeanza na hapo hajawahi kushika mgonjwa. Sina la kuongeza.

Mzee wa Pasiansi

Wanangu shikamooni kwa kinyume, maana nyote mnaonekana wadogo. Nina miaka 61, sukari mwaka wa kumi sasa, presha pia. Mtoto wangu yuko Dar anataka nikafanyiwe huko hospitali ya Mloganzila, anasema kuna puto la kuwekwa tumboni na kuna huu wa kukata. Natembea asubuhi kabla ya chai kutoka Pasiansi kuelekea uwanja wa ndege. Juzi nilitetemeka njiani, jasho la baridi, mwenye boda akanirudisha nyumbani. Natumia glibenklamidi na metformini. Nisitembee tena?

FizioWaZiwa

Marahaba, samahani, shikamoo mzee.

Utembee, lakini si kabla ya kula. Glibenklamidi inalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama tumbo halina kitu. Ukiongeza na kutembea, sukari inashuka mpaka unatetemeka. Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Wanaochoma insulini nao wako kwenye kundi lako.

Pima kabla ya kutoka. Sukari ikiwa chini ya 5 (mmol/L), kula kitu kwanza, usubiri, upime tena. Kula kifungua kinywa, subiri kama saa moja, ndipo utembee. Mfukoni beba juisi ndogo, au sukari ya mezani vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye kikaratasi. Ukianza kutetemeka, kaa chini palepale, kula hiyo sukari, subiri dakika kumi na tano, pima tena kama una kipimo. Usijikaze ufike nyumbani kwanza. Na nenda na mtu, au mpigie mtoto wako ukitoka na ukirudi.

Lililo kubwa zaidi: mweleze daktari wako kisa cha juzi. Dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa, na dozi haipunguzwi na mtu wa kwenye mtandao kama mimi. Presha nayo, siku ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, hakuna kutembea, ni kliniki.

Viatu vya kufunika vidole, mzee. Kandambili ukiwa na sukari hapana. Ukirudi kagua nyayo, kama huoni vizuri mjukuu akague.

Mzee wa Pasiansi

Nimeelewa vizuri kuliko nilivyoelezwa popote. Mjukuu ndiye anaandika hapa, amesikia.

Napita Tu

Nimekaa hapa tangu juzi, nimeanza kukaa na kusimama kweli. Nina kilo 92, urefu 1.65. Je na mimi nijipange nikakatwe?

Kilo Zimenikimbia

Chukua kilo gawanya kwa urefu mara urefu. Yako inakuja karibu 33.8. Mapendekezo ya vyama vya madaktari wa upasuaji huu ya 2022 ni 35 kwenda juu, au kuanzia 30 kama una kisukari au magonjwa mengine ya namna hiyo. Ya zamani, ya 1991, yalikuwa magumu zaidi: 40, au 35 ukiwa na ugonjwa. Kama sukari na presha viko sawa wewe bado una nafasi ya kujipunguza bila kisu. Usikimbilie. Vitamini za kumeza maisha yote si mchezo.

Jiwe Kubwa

Swali la chakula kidogo. Nimesikia wiki mbili za mwisho unakatazwa ugali kabisa. Sasa mazoezi utayafanya kwa nguvu ipi? Mimi bila ugali wa muhogo na sato naona giza.

Kilo Zimenikimbia

Sato unabaki naye, ugali ndio unaaga. Sababu ni ini. Kwa sisi wanene ini linajaa mafuta, linavimba, na upande wake wa kushoto umelala juu ya mfuko wa chakula. Daktari anayefanya kwa matundu madogo hawezi kufika kama ini limeziba njia. Ukikata wanga na sukari kwa wiki mbili ini linasinyaa. Kuna watu wamefunguliwa, ini likakutwa kubwa, wakafungwa hivyohivyo.

Ugali, wali, viazi, mihogo, chapati, michembe na soda vinakaa pembeni. Samaki wa kuchemsha au kuchoma, mayai, mtindi usio na sukari, mchicha, maji mengi. Fuata karatasi ya hospitali yako, zinatofautiana.

Mazoezi wiki hizo usiongeze kitu. Mimi nilirudi kwenye kiti na matembezi mafupi, siku mbili tatu za mwanzo kichwa kiliuma, baadaye kikazoea.

FizioWaZiwa

Sahihi. Na wenye sukari wasianze mlo huo bila daktari kurekebisha dawa, kwa sababu ileile niliyomwambia mzee.

Nilisahau kitu kinachotuhusu sisi wa Mwanza. Wengi mtafanyiwa Dar, halafu mnarudi na basi. Siku nzima umekaa, magoti yamekunjwa, mwezi wa kwanza baada ya upasuaji: hapo ndipo damu inapoganda. Muulize daktari lini unaruhusiwa safari ndefu na kama utahitaji sindano au vidonge vya kuzuia kuganda. Ndege ni kama saa moja na nusu, ukiweza changisha ukoo. Kama ni basi, chagua kiti cha upande wa njia, piga zile nyayo za cherehani kila nusu saa, na Dodoma, Singida, Shinyanga, kila linaposimama, shuka utembee hata kama huna haja. Maji usiyakwepe kwa kuogopa choo. Na begi abebe mwingine. Vitu vizito hadi wiki nne au sita zipite.

Sangara Mbishi

Hivi hilo zoezi la kiti ukishika goti ni sawa? Nauliza kwa niaba ya mtu.

MamaNyakato

Mwambie huyo mtu ni sawa, asukume paja siyo goti lenyewe. Na kiti kiguse ukuta. Tunamkaribisha.

Binti Igoma

La mwisho jamani: raba. Miguu yangu inavimba jioni, kila kiatu nikinunua asubuhi kinanibana, na dukani namba yangu ya kike hawana.

MamaNyakato

Nenda soko la mitumba la Mlango Mmoja jioni, miguu ikiwa imeshavimba, hapo kiatu kitakachokuingia kitakuingia siku zote. Pita upande wa raba za kiume, ndizo pana. Ingiza mkono ndani ubonyeze soli ya kisigino. Ikirudi taratibu iko hai, ikibonyea ikabaki hivyo imekufa, hata kama juu inang'aa. Ikunje: inatakiwa ikunjike kwenye vidole, siyo katikati. Vaa zote mbili na soksi, usimame, utembee kidogo, wala usione haya kumsimamisha muuzaji. Na usimwambie ni za mazoezi, atakupandishia bei akidhani una mpango mkubwa.

Napita Tu

Mlango Mmoja Jumamosi jioni nipo, natafuta 43. Atakayeniona na taiti chini ya bukta asinipige picha.